Sensa ya mwelekeo inapodanganya: kutoka dalili hadi chanzo

Saa nane usiku simu ya shemeji yangu kule Pasua, Moshi, ililia: "Bruda inapoa." Bruda ni pale panapolelewa vifaranga chini ya taa ya joto. Akajifunga khanga, akachukua tochi, akaenda bandani. Vifaranga wamelala wametawanyika vizuri chini ya taa, kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 33. Akarudi kulala. Dakika ishirini baadaye, simu tena. Asubuhi akanipigia: "Shem, hii mashine yako ama uje uing'oe, ama nikuletee vifaranga ulale nao wewe."

Mashine haikuwa na kosa. Niliyekosea ni mimi niliyeifunga, na nilikosea mahali pale pale ambapo karibu kila anayeanza na sensa za mwelekeo kwenye Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, hukosea. Nasema sensa kwa sababu ndivyo tunavyoiita dukani. Anayependa kihisi abaki na kihisi chake, ila asiichanganye na ile sensa ya 2022 ya kuhesabu watu.

Kabla hujagusa chochote

Sensa ya mwelekeo haipimi kitu. Haina waya, haina betri. Ni hesabu inayokaa ndani ya programu, inachungulia namba za sensa nyingine ya kweli (joto, kina cha maji, mgandamizo wa hewa) na kujibu swali moja tu kwa ndiyo au hapana: je, namba hizi zinakwenda upande ule kwa kasi ile niliyoambiwa?

Kwa hiyo ikidanganya, usianze kubadilisha mipangilio kwa kubahatisha. Nenda kwenye zana za msanidi, tafuta jina la sensa yako ya mwelekeo, usome sifa mbili zilizoandikwa hapo: `sample_count`, yaani imeshika sampuli ngapi sasa hivi, na `gradient`, yaani kasi iliyoihesabu. Kaa nazo dakika kumi huku umefungua grafu ya sensa ya chanzo pembeni. Mara nyingi utaona ugonjwa kabla hujafika mwisho wa makala hii.

Huu hapa mpangilio wa bruda baada ya kurekebishwa. Nitaurudia rudia huko chini:

```
binary_sensor:
  - platform: trend
    sensors:
      bruda_inapoa:
        entity_id: sensor.joto_la_bruda
        sample_duration: 1800
        max_samples: 60
        min_samples: 8
        min_gradient: -0.0008
```

Haiwaki kabisa, hata kitu kikibadilika waziwazi

Angalia `min_gradient` kwanza, yaani kasi ambayo namba zikiipita ndipo sensa iwake. Kasi hiyo huhesabiwa kwa sekunde. Si kwa dakika, si kwa saa. Mtu anataka kujulishwa friji la samaki likipanda nyuzi 3 kwa saa, anaandika 3. Hapo ameiambia programu isubiri hadi friji lipande nyuzi 10,800 kwa saa. Hata ukilitia friji motoni sensa haitawaka. Chukua kiasi unachotaka kwa saa, gawanya kwa 3,600: nyuzi 3 kwa saa ni takriban 0.0008. Namba inaonekana ndogo kiasi cha kutia shaka, na ndiyo maana watu huikuza wenyewe.

Pili, `sample_count`. Kama imekwama kwenye 0 au 1, chanzo hakileti namba za kutosha. Inahitaji sampuli mbili kwa uchache ndipo iseme lolote, na ukiongeza `min_samples` itasubiri zaidi. Sensa ndogo za betri za Zigbee (zinazotuma namba bila waya) ndizo zinazotesa hapa, kwa kuwa hutuma namba pale tu joto linapobadilika vya kutosha, vinginevyo hunyamaza muda mrefu ili zitunze betri. Ukiweka `sample_duration`, yaani muda wa kutunza sampuli, iwe sekunde 900, maana yake dakika 15, huku sensa yako inazungumza kila baada ya dakika 40, basi kila sampuli mpya inaikuta ya zamani imeshatupwa. Hazikutani kamwe. Ongeza muda, au weka sensa ya waya inayosoma kila dakika.

Kama hata `sample_count` yenyewe huioni, au hali inasomeka haijulikani, hakikisha jina la sensa ya chanzo kwenye `entity_id` halina kosa la herufi na kwamba chanzo kinatoa namba tupu. Neno au alama yoyote ndani ya thamani na hesabu haifanyiki.

Kuna hali nyingine ya kutowaka ambayo si hitilafu, nayo ndiyo inayonitisha kuliko zote. Bruda ikipoa nyuzi 1 kila saa usiku kucha, kasi hiyo iko chini ya ile niliyoweka. Sensa ya mwelekeo itanyamaza kwa haki kabisa, na saa kumi na mbili asubuhi vifaranga wa wiki moja watakuwa wamerundikana kwenye nyuzi 26. Mwelekeo unakwambia jambo linakwenda haraka. Haukwambii limefika wapi. Kwa shemeji niliongeza kengele ya pili, ya kawaida kabisa: joto likishuka chini ya 30, piga simu, haijalishi limeshuka kwa kasi gani.

Inawaka na kuzima ovyo

Hiki ndicho kilichomwamsha shemeji. Mpangilio wangu wa kwanza ulikuwa na `entity_id` na `min_gradient` basi, mengine nikayaacha yajijaze. Yanapojijaza, `max_samples` inakuwa 2. Programu inachukua namba mbili za mwisho, inachora mstari kati yake, na kuuita huo ndio mwelekeo.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo penye utamu. Bandani kuna DS18B20, kile kipimajoto cha waya tatu kinachouzwa kikiwa ndani ya bomba dogo la chuma. Kwa usahihi wake wa juu, hatua yake ndogo kabisa ni nyuzi 0.0625. Hakiwezi kusoma kati ya hatua na hatua. Joto halisi likikaa mpakani mwa hatua mbili, kitasoma ya juu, dakika inayofuata ya chini, kisha ya juu tena, hata kama bandani hakuna kilichobadilika. Nilikipanga kisome kila sekunde 60. Gawanya 0.0625 kwa 60: unapata 0.00104 kwa sekunde. Kwa saa hiyo ni nyuzi 3.75. Yaani kumeta kudogo kabisa kwa kipimajoto, kusikoonekana kwa macho, kunasomeka kama bruda inayopoa karibu nyuzi 4 kwa saa. Kizingiti changu kilikuwa 0.0008. Lazima ilie. Na ukiwa umepanga namba izungushwe hadi desimali moja mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa hatua inakuwa 0.1 na kasi ya uongo inafika nyuzi 6 kwa saa.

Dawa si kupandisha kizingiti hadi kelele ikome, maana utakuwa umeiziba sikio hata kwa baridi ya kweli. Dawa ni kuipa sampuli nyingi. Zikizidi mbili, programu haichori tena mstari kati ya nukta mbili. Inatafuta mstari mmoja unaopita karibu zaidi na nukta zote kwa pamoja. Sampuli 30 za nusu saa zikipanda na kushuka kwa hatua moja moja, mstari wake unalala karibu bapa. Taa ikiungua kweli, zote zinaelekea chini na mstari unainama.

Ila kuna mtego nilioukanyaga siku ya pili yake. Niliongeza `sample_duration: 1800` nikaridhika, nikamwambia shemeji alale kwa amani. Usiku ule ule ikalia. `sample_duration` inasema sampuli ikizeeka kiasi gani itupwe. Haiongezi nafasi ya kuweka sampuli. Nafasi ilikuwa bado 2. Ni sawa na kumwambia mtu mahindi yanadumu ghalani miezi sita ilhali ghala lenyewe linaingia debe mbili. Lazima uweke vyote viwili, na `max_samples` iwe kubwa kuliko idadi unayotarajia ndani ya muda huo. Sekunde 1,800 kwa usomaji wa kila sekunde 60 ni sampuli 30. Nimeweka 60 ili kusiwe na kubanana. Kinyume chake pia kipo: chanzo kinachosoma kila sekunde 10 na `max_samples` ya 30 kinakupa dakika 5 tu za historia, hata ukiandika saa mbili kwenye muda.

Maji yanapanda, yenyewe inasema yanashuka

Hii ni ya tenki, na wengi wetu Arusha tunaanzia kwenye tenki kabla ya kitu kingine chochote. Sensa ya sauti inayofungwa juu ya mfuniko haipimi kina cha maji. Inapima umbali kutoka kwenye mfuniko hadi usoni pa maji. Maji yakipanda, umbali unapungua. Kwa sensa ya mwelekeo hiyo ni namba inayoshuka, na haikosei.

Nyumbani kwangu Sakina nina tenki la chini la kupokelea maji, na la lita 1,000 juu ya mnara. Pampu inavuta kutoka chini. Nilitaka ulinzi rahisi: pampu ikiwa imewashwa dakika kumi na maji ya juu hayapandi, izimwe, kwa sababu tenki la chini limekauka. Kwa kuwa umbali ulikuwa kinyume, pampu ikawa inazimwa kila baada ya dakika kumi maji yakiwa yanapanda vizuri tu. Nikaona `invert` kwenye orodha ya mipangilio. Nikaandika `true`. Ikafanya kazi, nikajipongeza.

Wiki chache baadaye maji ya bomba hayakutoka siku mbili. Tenki la chini likaisha, pampu ikaendelea kunguruma mkavu kuanzia alasiri mpaka niliporudi usiku. Mota nikaipeleka kwa fundi wa kuwaindi.

Kilichotokea ni hiki. `invert` haigeuzi upande wa kuangalia. Inageuza jibu. Swali lilikuwa "umbali unaongezeka?" Maji yakipanda jibu ni hapana, likigeuzwa linakuwa ndiyo. Sawa. Lakini maji yakisimama tuli, jibu bado ni hapana, kwa kuwa umbali hauongezeki, na likigeuzwa linakuwa ndiyo vilevile. Kwa `invert`, kusimama na kupanda ni kitu kimoja. Sensa yangu iliapa kwamba maji yanapanda, kumbe hakuna tone.

Ukitaka kuangalia upande wa chini, weka alama ya kutoa kwenye `min_gradient` yenyewe, kama nilivyofanya kwa bruda. Alama hiyo ndiyo inayosema upande. Kwangu pampu ikifanya kazi umbali unapungua kama sentimita 3 kwa dakika, ambayo ni 0.05 kwa sekunde. Nikaweka nusu yake, `-0.025`. Kwa nyumba za wateja siku hizi sifanyi hata hivyo: natengeneza kwanza sensa ya kati inayotoa umbali kwenye urefu wa tenki ili ipatikane namba ya kina. Mwenye nyumba akifungua grafu aone maji yakipanda mstari unapanda. Asilazimike kusoma kichwa chini.

`invert` ina kazi zake. Kwa pampu, iache.

Na ukiwa bado kwenye tenki: sensa hizi za sauti zisizoingia maji, za aina ya JSN-SR04T, hazioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hivi. Tenki likijaa hadi mdomoni zinaanza kutoa namba za ajabu, na mwelekeo unageuka bila sababu pampu ikiwa bado inajaza. Inua sensa juu ya mfuniko kwa fremu, au shusha boya ili maji yasifike huko. Asubuhi za Juni na Julai matone ya umande hukusanyika usoni mwa sensa na kuleta tabia hiyo hiyo. Kuifuta kwa kitambaa kunatosha kuthibitisha.

Imeng'ang'ania "ndiyo" na jambo limeshaisha

Pampu imezimwa saa nzima, tenki limetulia, bado inasoma yanapanda. Watu hudhani programu imeganda.

Sensa ya mwelekeo haina saa ya kujiamsha. Inafanya hesabu pale tu chanzo kinapoleta badiliko. Chanzo kikisoma 84, 84, 84, kwa Home Assistant hakuna kilichotokea, hivyo hakuna sampuli mpya wala hesabu mpya, na jibu la mwisho linabaki pale pale. Hata zile sampuli zilizopitwa na muda hazitupwi mpaka ipatikane nyingine ya kuzisukuma. Betri ya chanzo ikifa, ni hivyo hivyo: inabaki imeshikilia jibu la mwisho kama saa ya ukutani iliyosimama.

Kama chanzo ni bodi yako mwenyewe yenye ESPHome (programu ya bodi ndogo za sensa), au kinapita MQTT (njia ya vifaa kutumiana ujumbe), weka `force_update: true` kwenye sensa ya chanzo. Kila usomaji utahesabika kuwa tukio jipya hata namba ikiwa ile ile, na mstari utalala wenyewe maji yakitulia. Bila hiyo hata `min_samples: 8` ya bruda inaweza kukosa kutimia usiku mtulivu. Jua tu kwamba hifadhidata itanenepa zaidi. Kwa kadi ndogo ya kumbukumbu usifanye hivyo kwa sensa zote za nyumba.

Kama chanzo ni cha kununua na huwezi kukigusa ndani, tumia sensa ya takwimu ya Home Assistant yenye `max_age` na uisomeshe badiliko. Hiyo hutupa sampuli zilizozeeka kwa saa yake yenyewe. Au acha mwelekeo ulivyo, kisha kwenye otomesheni (ile kanuni inayopiga kengele au kuzima pampu) ongeza sharti kwamba chanzo kiwe kimesasishwa ndani ya dakika kumi zilizopita.

Umeme ukirudi, kengele zote zinalia

Hapa ni mambo mawili yanayokuja pamoja. Home Assistant ikiwaka upya, sampuli za mwelekeo zinaanza sifuri, kwa hiyo nusu saa ya kwanza inahukumu kwa ushahidi mchache. `min_samples` ya kutosha inaizuia kusema mapema. Kwenye otomesheni iambie ifanye kazi pale hali inapotoka `off` kwenda `on` tu na kukaa hivyo dakika tano. Kutoka haijulikani kwenda `on` isihesabike.

La pili ni la DS18B20. Ikiwashwa, kabla haijapima chochote, namba iliyomo ndani yake ni 85. Waya ukiwa haujakaza au rizista ya kΩ 4.7 ikikosekana, 85 hiyo inaweza kupenya hadi kwenye grafu. Sampuli moja ya 85 kati ya 33 nyingi inauinamisha mstari wote, na mpaka itupwe utaambiwa bruda inapoa kwa kasi ya kutisha. Kwenye ESPHome ichuje kwa `filter_out: 85.0`, halafu kakaze waya.

Kila siku mchana inatabiri mvua

Mifano mingi ya sensa hizi imeandikwa na watu wa Ulaya, na mfano wanaoupenda ni huu: mgandamizo wa hewa ukishuka, mvua inakuja. Niliunakili nilipopata BMP280 yangu ya kwanza, sensa ya mgandamizo. Kila siku kabla ya saa nane mchana simu inasema mvua, hata Septemba, vumbi tupu.

Kwanza nilidhani sensa ni mbovu kwa sababu ilisoma karibu hektopaskali 860 badala ya ile 1,013 ya vitabuni. Hiyo ni kimo tu. Mji wa Arusha uko kama mita 1,400 juu ya bahari. Moshi iko chini zaidi, utasoma zaidi ya 900. Mwelekeo haujali, unaangalia tofauti.

Chanzo ni kwamba hewa nayo ina kupwa na kujaa. Jua linapoipasha anga joto, mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na karibu na ikweta jambo hili ni kubwa kuliko kwingine. Unafika juu karibu saa nne, asubuhi na usiku, na chini karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni hushuka kama hektopaskali 3. Kwa saa sita hiyo ni takriban 0.00014 kwa sekunde. Kizingiti cha 0.0001 kitawaka kila siku ya Mungu. Na huwezi kukipandisha tu ukabaki na kitu cha maana, kwa sababu mvua zetu hazisukumwi na ile mifumo ya mgandamizo mdogo inayopita Ulaya. Ukiondoa kupwa na kujaa, kinachobaki ni kidogo mno.

Ukitaka mgandamizo kwa lazima, tengeneza sensa ya kati inayotoa namba ya saa hii kwenye ya jana saa kama hii, kisha uupime mwelekeo wa hiyo tofauti. Mimi niliachana nao. Nilifunga kipimajoto nje, kivulini, upande unaoelekea Meru. Mvua kubwa ikikaribia, upepo wa baridi hutangulia na joto hushuka nyuzi kadhaa ndani ya dakika chache. `min_gradient: -0.003` kwa dakika 15, usomaji kila sekunde 30, `max_samples` 40. Inatupa nafasi ya kuanua nguo kwenye kamba. Siku nyingine unakuja upepo tu bila tone, nguo zinaingizwa bure. Hakuna aliyelalamika bado.